Mkono Uliobaki Begani

Tangu nirudi Musoma, kila rafiki anayepita studio anauliza lilelile: "Bhoke, ulikuwa wapi, na hizo picha ziko wapi?" Wengine mlisikia nimekwenda kutalii mbugani. Wengine mkaambiwa nimefunga biashara. Shemeji yangu mmoja aliapa kwamba nimeolewa Tarime. Nimechoka kusimulia vipandevipande huku namkatia mteja picha za pasipoti, kwa hiyo naandika mara moja, msome, halafu mniache nifanye kazi.

Kazi yangu mnaijua. Nusu ya wiki napiga pasipoti, nusu nyingine nakuza picha za marehemu. Watu wanakuja na kitambulisho cha kura wanasema, "Mzee wetu ametutoka, tunataka ya kubeba mbele ya jeneza." Nauchukua ule uso uliokunjwa na jua la foleni, naukuza, namvalisha marehemu koti ambalo hakuwahi kuwa nalo, nyuma naweka mawingu. Hakuna aliyewahi kulalamika, na mimi sikuwahi kuona ubaya wake mpaka msiba ulipoingia kwetu.

Mama mdogo alifariki kijijini kwetu Kisaka, wakati wa kuvuna ulezi. Wanawe walitafuta picha wakapata moja tu, ambayo alipiga pamoja na mama kwenye kipaimara cha mjukuu, wamesimama bega kwa bega. Duka moja la picha likamkata mama, likambakiza mama mdogo. Kwa haraka walisahau kitu kimoja. Siku ya mazishi binti yake alipoibeba ile fremu mbele yetu, mama mdogo alikuwa anatabasamu, na begani kwake kulikuwa na mkono wenye bangili ya shaba, mkono usio na mtu. Waombolezaji wakanong'onezana huo mkono ni wa nani. Mimi bangili niliijua. Mama pia aliijua, kwa sababu alikuwa ameivaa palepale.

Baada ya arobaini nikatoa kamera nimpige mama, peke yake, mbele ya ukuta safi. Akajifunika kanga usoni.

"Mkono wangu umeshatangulia kaburini," akasema. "Sasa unataka na kichwa kifuate? Wewe ukimpiga mtu uso mtupu, kwao wanaanza kutafuta ng'ombe wa msiba."

Nilicheka. Lakini niliporudi mjini nikapekua kompyuta yote, nikakuta sina picha hata moja ya mama, mimi ambaye nimepiga nusu ya mji huu. Mama ni mtu mzima sana, na msimu wa baridi kifua kinambana. Nikaona kabisa siku nitakayoletewa kitambulisho chake nikaambiwa kikuze. Niliogopa, sifichi. Nilitaka picha ya mama akiwa mama, na njia yangu ya ukuta safi ilikuwa imegonga mwamba.

Ndipo nikaamua kwenda kujifunza kwa watu ambao picha zao nilikuwa nazitazama kwenye simu kwa wivu. Mmoja anapiga sherehe, mwingine anapiga watu na mali zao, wa tatu anapiga wanyama. Njia ingeanzia Tarime na kuishia Kisaka, kwa mama.

Musoma hadi Nyamisangura

Ya kupanga gari na kufunga mizigo nayaruka. Tulichelewa Kirumi, darajani, kwa sababu dereva alishuka kumnunulia mama mkwe wake samaki. Akachagua sato, akamrudisha, akachagua mwingine, akapiga simu kuuliza mkwe anapenda wa ukubwa gani. Abiria mmoja akasema huyu mkwe akifa kwa mwiba tutaitwa mashahidi. Yule samaki mwishowe alisafiri miguuni kwangu, karibu na mkoba wa kamera, na mkoba huo mpaka leo ukiufungua unakumbuka Kirumi.

Mwita, mpiga picha wa sherehe, nilimkuta Nyamisangura, hapo Tarime, kwenye nyumba yenye turubai uani. Ni kijana mrefu mwenye sauti ya kuuzia mnadani. Ilikuwa siku ya kupeleka mahari, na wazee wa pande mbili walikuwa bado ndani hawajakubaliana. Sisi wengine tulikuwa nje tunasubiri. Mwita aliponiona na kamera akaniambia, "Karibu dada, kaa, hapa hata saa haina kazi."

Mama mmoja wa jikoni akaniletea sahani ya ndizi na nyama, na bakuli la kichuri, ule mchuzi wa nyongo, pembeni. Kichuri kile kilikuwa kichungu sawasawa, kama kinavyotakiwa. Nikala. Mama akanisimamia, mikono kiunoni.

"Kula, kula ushibe. Lakini mkawaambie wenzenu huko ndani walegeze. Mnatuchelewesha."

"Mama, mimi si wa kwa bwana harusi. Nimekuja kujifunza picha."

"Ndiyo, nimekuelewa. Waambie walegeze."

Kila nilipokana, ndivyo nilivyoongezewa nyama. Mwisho nikakubali kuwa shangazi wa bwana harusi, nikaahidi nitasema nao.

Wazee walipotoka wanacheka, Mwita akaanza kazi, na hapo ndipo nilipoona siri yake. Anapanga watu mstari. Watu wanakaza shingo, wanabana midomo, kila mmoja anakuwa askari. Anapiga moja ya uongo. Kisha anasema kwa sauti, "Haya, tumemaliza, asanteni sana!" na kuishusha kamera tumboni. Pale pale watu wanashusha pumzi, mmoja anajikuna, mwingine anamtania mwenzake, bibi harusi anamtafuta mama yake kwa macho. Mwita anapiga yote hayo kutoka tumboni, bila hata kutazama.

Ila mji umeshamzoea. Mzee mmoja mwenye kofia ya pama alibaki amekaza shingo muda mrefu baada ya "tumemaliza".

"Mzee, tumemaliza," Mwita akarudia.

"Mura, kijana wangu, umemaliza wewe. Mimi sijamaliza. Unadhani sikujui?"

Jioni nilimweleza Mwita habari ya mama. Hakufikiri sana. "Mpige akiwa hajui," akasema. "Hata mlangoni tu, akipita."

Nikamwambia siwezi kumwibia mama yangu uso wake. Akanitazama kama mtu aliyepewa chenji ya noti iliyofutwa, halafu akaniombea safari njema.

Nyamisangura hadi Nyangoto

Njiani tulisimama mbele ya lori lililozama tope barabarani. Watu wakashuka, kila mmoja akawa mhandisi. Wa kulisukuma walikuwa wachache, wa kuelekeza walikuwa wengi. Nilinunua mahindi ya kuchoma nikakaa juu ya jiwe, na nilifurahi kukaa pale bila shughuli, kwa sababu studio hainipi nafasi hiyo.

Nyangoto niliijua nikiwa mdogo, tulikuwa tunapita kwenda kwa ndugu. Sasa kuna kilima cha mawe na udongo wa mgodi ambacho zamani hakikuwepo, kirefu kuliko miti yote. Gati, yule mama wa picha za watu na mali zao, alikuwa shambani, nikaambiwa nimsubiri kwenye benchi la duka. Nikatoa kamera nifute vumbi kwenye lenzi. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu.

Kwanza alipita mwanamke mmoja na ndoo, akaitazama kamera, akageuka alikotoka akitembea haraka. Mara nikaona nyumba ya jirani watu wanatoka. Baba akasimama mbele ya mlango, akaweka kiganja ukutani. Mama akashika nguzo ya baraza. Nyumba ya pili vivyo hivyo. Ng'ambo ya njia mtu alikuwa anaburura mche wa parachichi na jembe, akauchomeka ardhini, akasimama kando yake kama umekua pale miaka yote.

Mzee mmoja akanifuata benchini. Nikamwamkia. "Marahaba," akasema. "Mama mthamini wa mgodi, anza na kwangu. Miti yangu ni ile, hata wale wa kwanza waliiruka."

"Mzee wangu, mimi si mthamini. Nimekuja kujifunza tu."

"Ndiyo. Hata yule wa mara ile alisema amekuja kujifunza."

Akanishika kiwiko kwa upole, akanipeleka kwenye miti yake, akawa anaiwekea mkono mmoja mmoja na kunitazama kuona kama nimeelewa. Kijana mmoja akaja akaniuliza kwa sauti kavu nimetumwa na nani. Hakuwa na jeuri, alitaka kujua tu, na kwa mahali ambapo watu wamevutana na mgodi juu ya ardhi na fidia muda mrefu hivyo, ni swali la haki. Kabla sijamjibu, Gati akatokea na jembe begani.

"Mwacheni huyo!" akasema kwa Kikurya, kisha akanigeukia kwa Kiswahili. "Ni wewe Bhoke wa kwenye simu? Mbona unatoa kamera kabla hujatoa salamu?"

Akawaeleza watu kwamba mimi ni fundi picha wa Musoma, na kilichonileta ni picha ya mama yangu, anakataa kupigwa. Hali ikabadilika pale pale. Kila mtu akawa na ushauri. Yule kijana akasema nimnunulie gauni. Mwenye mche wa parachichi akaung'oa, akarudi nao nyumbani bila haraka. Mzee wa miti akafikiri, akasema, "Pole mwanangu. Lakini hii miti piga tu hata hivyo." Nikaipiga.

Gati anapiga kwa simu iliyopasuka kioo. Ni mkulima, lakini watu wa vijiji vya pale humwita kila wanapotaka picha ya walichonacho: nyumba, shamba, kisima, kaburi la babu. Picha zake ndizo nilizozionea wivu. Hakuna anayecheka ndani yake. Kila mmoja ana mkono juu ya kitu, na ukitazama huo mkono unaona kabisa hatauondoa.

"Kwangu mkono lazima ushike," aliniambia tukiwa tunakula ugali wa muhogo na dagaa. "Ukuta mtupu ni wa yeyote. Kaburi tupu ni la yeyote. Mtu akiweka mkono, sasa hilo ni neno."

Nikamsimulia habari ya fremu ya mama mdogo, na mkono uliobaki begani. Nilitegemea acheke, maana wengi wakisikia hucheka. Gati aliacha kula.

"Kumbe mama yako alikuwa ameshika chake," akasema, "wakamng'oa."

Machozi yalinijia nikasingizia pilipili, ingawa dagaa wale hawakuwa nayo. Gati akanisogezea maji ya kunawa, akaanza kuniuliza bei ya vitunguu Musoma.

Nyangoto hadi Mugumu

Mvua ilikuwa imenyesha upande wa Serengeti, na kabla ya kuvuka Mto Mara tulisimama kusubiri barabara ikauke kidogo. Nilikaa na muuguzi aliyehamishiwa huku kutoka Lindi, dada mpole anayesema "samahani" hata akipokea karanga. Nyuma yetu wanaume wawili walianza kusemezana kwa sauti ya juu, mikono inarushwa. Muuguzi akanishika goti.

"Dada, tuwaamulie. Watauana hawa."

Nikawasikiliza. "Hawagombani," nikamwambia. "Huyu anamwambia mwenzake kwamba mke wake ni mzima na ng'ombe amezaa. Mwenzake anampongeza."

Muuguzi akawageukia tena, akawatazama. Kisha akasema ndiyo maana tangu amefika anapata wagonjwa wanaosema hawaumwi sana huku yeye amesikia kama wanamfokea. Tukacheka mpaka wale wanaume wakanyamaza kutusikiliza sisi.

Makuru, mpiga picha wa wanyama, anakaa Mugumu. Aliendesha watalii miaka mingi, sasa amestaafu, ana gari lake bovu na kamera nzuri. Nilimfuata kwa sababu ya picha moja: chui juu ya mti, anamtazama mpiga picha bila hofu wala hasira, kama jirani aliyekaa barazani. Nilijiambia mtu anayeweza kutazamwa hivyo na chui atanifundisha kutazamwa na mama.

Alinichukua asubuhi tukaenda eneo la vijiji linalopakana na hifadhi. Akasimamisha gari kando ya bonde lenye maji kidogo, akazima injini. Tukakaa. Kulikuwa na nyasi. Baadaye kulikuwa na nyasi na ngiri mmoja, aliyeondoka.

"Mzee, unafanyaje wanakutazama bila kukimbia?"

"Simfuati," akasema. "Nakaa mpaka aone sina shida naye."

"Halafu?"

"Halafu nakaa."

Nilisubiri aendelee. Nilipogeuka alikuwa amelala, kofia usoni, anakoroma. Na wakati anakoroma, tembo walitoka kwenye vichaka, mama na wadogo, wakapita karibu na gari mpaka nikasikia matumbo yao yakinguruma. Nikanyakua kamera. Picha nilizopiga zote ni za mlango wa gari na sikio.

Makuru akaamka. "Wamepita?"

"Tembo, mzee! Hapa hapa!"

"Unaona?" akasema, ameridhika kabisa. "Nilikwambia."

Nyumbani kwake, tukinywa chai ya maziwa, nikamwomba anieleze ile ya chui alivyoipiga. Akakoroga chai muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Ile si yangu," akasema. "Aliipiga mgeni niliyekuwa namwendesha, akanitumia. Lakini gari nilizima mimi. Kama nisingezima, chui asingekuwepo."

Mkewe akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Nilikasirika kidogo, niseme ukweli. Nimekula vumbi kutoka Musoma kuja kujifunza kwa mtu aliyezima gari. Baadaye nikaona hata hivyo hakunidanganya popote, ni mimi niliyekuwa nimeamua yeye ni nani.

Mugumu hadi Kisaka

Kisaka nilifika kwa bodaboda, mchana, mama akiwa uani anaanika ulezi kwenye turubai. Hakuinuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na lile jicho lako?"

"Nimekuja nalo."

"Haya. Likae na wewe ukae."

Nilijaribu ya Mwita siku ileile. Nikamtazama mama kupitia kamera, akajifunika kanga, nikasema, "Basi mama, nimeacha, nimemaliza," nikaishusha tumboni. Mama akafunua kanga jicho moja.

"Umemaliza, mbona hujalifunika? Jicho likiwa wazi linaona."

Nikakifunga kifuniko cha lenzi, nikaitundika kamera kwenye msumari karibu na kibuyu cha maziwa, nikaiacha. Sisemi nilikuwa na busara. Nilikuwa nimechoka tu. Kazi za nyumba zikanichukua: kupeleka ng'ombe mtoni, kupepeta ulezi, kuwafukuza kuku waliokuwa na nia na ule ulezi. Jioni tunakula ugali na maziwa mgando, tunasema ya majirani. Kuna wakati nilimkuta mama anaifuta kamera vumbi kwa pindo la kanga, kama anavyofuta kibuyu, akaona nimemwona, akanikaripia kwamba vitu vya bei nasahau hovyo.

Asubuhi moja tulikuwa tunachambua changarawe kwenye ungo. Akaniuliza hao niliokwenda kwao walinifunza nini. Nikamweleza yote, shangazi wa bwana harusi, tembo, mzee aliyelala, akacheka hasa kwa mche wa parachichi. Nilipofika kwa Gati na mkono unaoshika, aliacha kucheka. Akaizungusha bangili yake.

"Siku ile ya kipaimara," akasema, "viatu vilikuwa vinambana mama yako mdogo. Aliazima viatu vya mkwe wake, vidogo. Akaniambia, dada, mimi nakaa chini hapahapa mbele ya padri. Nikamwambia utatuaibisha, simama, nimekushika. Ndiyo nikamshika." Vidole vyake vikaendelea na changarawe. "Sasa yeye wamemwacha, mkono wameuacha, mimi wamenitupa. Nilisimama pale kwenye msiba nikaona ni mimi niliyemwachia akaanguka."

Kumbe ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Muda wote nilidhani mama anaogopa kufa.

Nikaweka mkono wangu juu ya wake kwenye ungo. Tukakaa hivyo mpaka kuku wakatumia nafasi, mama akawafukuza kwa kandambili.

"Lete hilo jicho," akasema. "Lakini mimi peke yangu sikai."

"Nimwite nani, mama?"

"Kwani hapa kuna nani mwingine?"

Nikamweleza kwamba kamera inaweza kujipiga yenyewe, ukiiwekea muda, inakusubiri kidogo. Akasema afadhali, hiyo itakuwa na akili kuliko mwenyewe. Nikageuza kinu, nikaiweka juu yake, nikaelekeza kwenye kigoda cha mama, nikabonyeza, nikakimbia. Mguu ukaingia kwenye ulezi nikateleza nikaanguka chali.

"Ulezi wangu!" mama akapiga kelele, akaruka kutoka kigodani.

Hiyo ndiyo picha ya kwanza, na haina mtu ndani yake isipokuwa miguu yangu. Ya pili mama alirudi kigodani, na mimi nikafika. Nikakaa kando yake sawasawa, mabega yamelingana, uso wangu wa pasipoti, na nilikuwa nimeacha uwazi mdogo katikati yetu, kwa mazoea ya kazi. Mama akautazama ule uwazi. Akanipitishia mkono wenye bangili shingoni, akanivuta, akanibana kichwa kwapani kama anavyombana mbuzi anayetaka kupewa dawa, shavu lake likalala juu ya paji langu.

"Hapo sasa," akasema. "Wakate tuone."

Kamera ikalia.

Kisaka hadi Musoma

Mnaoingia studio mnaiona, nimeitundika mahali palipokuwa na picha ya mfano yenye mawingu. Mama anacheka na mapengo yote yanaonekana. Mimi jicho moja limefumba, pua imebonyea, nusu ya uso haipo. Fundi mwenzangu wa mtaa wa pili alisema mwanga ni mkali na kichwa changu kimekaa vibaya, na ni kweli. Nimeijaribu kwenye kompyuta, kwa mazoea tu. Popote ninapoweka mstari wa kukata, kipande cha mama kinakwenda na mimi, au kipande changu kinabaki na mama.

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani, amebeba kibuyu cha maziwa ya kunipa. Nilikuwa na neno la kumwambia tangu tulipoitazama ile picha kwenye kioo cha kamera, na mwendesha bodaboda alikuwa ameshawasha.

"Mama, kuna jambo. Ile picha ni nzuri. Lakini siku ... " Nikaanza upya. "Siku ikihitajika, haitafaa kubebwa. Ina mtu mzima mle ndani. Mtu aliye hai. Waombolezaji watauliza."

Mama akanipa kibuyu, akanifunga vizuri mkanda wa mkoba.

"Muikuze hivyohivyo," akasema. "Atakayeibeba ni nani, si wewe? Wakiuliza yule mwingine ni nani, watakuona."